Mwaka Bibi Alipopiga Hodi Kwake Mwenyewe

Nianze na ujinga wangu kabla hamjausikia kwa wengine: nilihamisha kabati la Bibi. Nilihamisha na makochi, stuli nne, meza, redio na kiti cha Babu, siku moja, peke yangu, bila kutumwa na mtu, kisha nikapiga deki na kupaka nta nyekundu sakafu nzima mpaka ukiinama unajiona meno. Nilikuwa kidato cha pili, nimemaliza mtihani, niko likizo ya Desemba, na mtu aliyemaliza mtihani hujiona ana akili ya kupanga hata mlima wenyewe upya. Simu ya Mama ilikuwa imenionyesha sebule za watu, zile ambazo kochi linakaa katikati kama mgeni rasmi na ukutani hakuna kalenda hata moja. Nikaitazama sebule yetu ya Masama, huku mlimani Kilimanjaro, vitu vyote vimebanana ukutani kama wanafunzi waliochelewa paredi, nikasema leo lazima tuendelee.

Nimeyakumbuka haya kwa sababu Juni mwaka huu tumemzika Bibi, na kwetu msiba ukiingia ndani, fanicha inatoka nje. Vijana wanabeba kila kitu, sebule inabaki tupu, inatandikwa mikeka na magodoro ili akina mama wakae na wafiwa, na katikati inaachwa nafasi ya jeneza. Siku nne nzima makochi yetu yalikaa chini ya migomba yamefunikwa turubai. Kuku mmoja alitaga kwenye kiti cha Babu na hakuna aliyemfukuza, nadhani kila mmoja aliona aibu kuwa mkali msibani. Kabati la vyombo lilisimama kwenye ukungu na sahani zake zote tumboni, kama mzee aliyefukuzwa nyumbani akiwa amevaa suti. Matanga yalipoondoka, Baba na kaka yake, Baba mkubwa wa Dar, walilibeba mpaka mlangoni, wakakwama. "Hili lilikuwa linakaa wapi?" wakaulizana. Baba akasema ni dirishani. Baba mkubwa akasema hapana, mkono wa kulia. Shangazi akasema wekeni popote, kabati ni kabati. Nikasema, "Litueni kwanza. Nitawaonyesha." Walinigeukia wote, maana tangu nibatizwe hawakuwahi kunisikia nikisema sentensi mbili bila mzaha.

Mwaka ule niliohamisha kabati, nyumbani tulikuwa watatu tu nikiwa likizo: Bibi, Mama na mimi. Baba alikuwa kazini mbali, na habari zake zinaweza kusubiri. Mimi nilikuwa mtu wa bweni, narudi nyumbani kama mgeni, nakula kama jeshi, na kazi yangu kubwa ilikuwa kuwacheka wenye nyumba. Nilimcheka Mama kwa kuongea. Mama alikuwa anatangaza kila kitu anachofanya, kama mtangazaji wa mpira redioni. "Naingia. Nimeweka ndoo nyuma ya mlango, mkono wa kushoto. Nafungua dirisha. Sufuria ya mtori ina moto, iko jiwe la pili." Nikamwambia, Mama, siku moja utatangaza goli. Nilimcheka Bibi pia, kwa ukali wake juu ya viti. Ukivuta stuli ukala kiburu chako cha ndizi na maharage ukaondoka bila kuirudisha, utasikia: "Nani ameacha stuli imelala njiani kama ng'ombe mgonjwa?" Na alipomimina chai aliingiza ncha ya kidole ndani ya kikombe, hapo ukingoni, chai ikifika kidoleni anaacha. Haikumwagika hata tone. Nilisema Bibi anaionja chai kwa kidole ili asimalize sukari. Tena kulikuwa na jambo moja lililonifurahisha kuliko yote: mwaka ule Bibi aliacha kunigombeza nikimkatia nyuso. Natoa ulimi, nageuza kope, naigiza anavyotafuna, yeye ametulia tu, anatabasamu kuelekea upande wangu. Nikadhani uzee umemlainisha, sasa ananipenda kupita kiasi.

Hata maneno niliyoyasikia Pasaka ya mwaka huohuo hayakunishtua. Baba mkubwa alikuwa amesimama barazani na Mama, mimi nipo upande wa pili wa ukuta nakula ndizi iliyokuwa ya mtu mwingine. "Shemeji," akasema, "mimi nakwambia wazi. Macho ya mama yakizima, namchukua Dar. Sitaki kupigiwa simu kwamba ameangukia moto. Kule kuna msichana wa kazi, kuna ghorofa ya tatu, atakaa kwa usalama." Mama akajibu taratibu, "Anaona vya kutosha, shemeji." Mimi nikawaza tu kwamba Bibi akienda Dar, likizo nitapata pa kufikia mjini. Ndivyo nilivyokuwa. Naandika ili ijulikane.

Siku yenyewe, Mama aliteremka Bomang'ombe asubuhi kununua mchele na mafuta ya sikukuu. Baba mkubwa alikuwa anatarajiwa kesho yake. Bibi alikuwa kwa jirani wanachambua maharage. Binti wa jirani alimfuata akamshika mkono njia nzima, nami nikaona ni heshima. Nilipobaki peke yangu nikaanza. Kabati nililisukuma kutoka ukuta wa kushoto mpaka dirishani, kwa mgongo, sahani zikilia kama zinaniombea. Kochi refu nikaliweka katikati. Stuli nikazipandanisha pembeni. Kiti cha Babu, kile cha mbao chenye mikono, ambacho hakikaliwi na mtu na sikuwahi kumwona mwenyewe akikikalia, nikakitupa chumbani kwangu, nguo chafu zipate pa kukaa. Meza nikaileta karibu na mlango ili mtu akiingia aone kwanza kitambaa kipya. Kisha nta. Nilisugua sakafu mpaka zile alama za miguu ya viti, vijishimo vya miaka mingi kwenye saruji, zikajaa nta na kupotea. Jioni ilipokaribia nilisimama kwenye kona, nikakunja mikono kama mkandarasi, nikingoja kuona mdomo wa Bibi unavyofunguka.

Alirudi, akapitia bandani kukamua, halafu nikamwona anakuja na jagi la maziwa, mkono mmoja unagusa masale yaliyopandwa kando ya njia, jani baada ya jani. Akapanda kizingiti. Akaingia hatua tatu, bila wasiwasi wowote, akanyoosha mkono wa kushoto. Mkono ukagusa hewa. Akausogeza kidogo, kama mtu anayetafuta swichi. Hewa tena. Akapiga hatua nyingine, goti likagonga meza, maziwa yakaruka yakamwagika kwenye nta yangu mpya. Hakupiga kelele. Alishusha jagi chini polepole, akachutama, akapapasa sakafu, akainusa mikono yake. Akasimama, akarudi kinyumenyume mpaka mgongo wake ukapata mwimo wa mlango. Hapo, kwa ile sauti ya upole anayoitumia kwa majirani tu, Bibi yangu akasema, ndani ya sebule yake aliyoingia akiwa bibi harusi:

"Hodi jamani. Mnisamehe wenyewe. Nimepotea, nimeingia kwenu bila hodi."

Tangu chekechea sijawahi kukosa neno. Mwalimu mkuu alinichapa nikamtania katikati ya fimbo. Lakini pale ulimi wangu ulikauka. Hodi ina jibu moja tu, tumefundishwa wote, na ndilo lililonitoka lenyewe. "Karibu, Bibi."

Akageuza kichwa. "Elisante? Na wewe umefuata nini kwa watu?"

"Bibi, hapa ni kwetu."

"Kwetu wapi?"

"Kwetu. Nimepanga vizuri tu, Bibi. Kisasa."

Nje ng'ombe aliita. Halafu mabega yake yakaanza kutikisika, nikajua nimemliza, kumbe anacheka. "Mume wangu," akasema, maana ndivyo alivyoniita siku zote, "kumbe umenifukuza nyumbani bila hata talaka."

Nikamsogelea. Nikapunga mkono mbele ya uso wake. "Usinipepee," akasema, "nasikia upepo." Ndipo kila kitu kilipojipanga kichwani mwangu kwa mara ya kwanza: kidole kwenye chai, masale, binti wa jirani, stuli, Mama na utangazaji wake. Nilikuwa nimeishi likizo tatu nzima ndani ya siri na sikuiona, mimi mwenye macho mawili mazima.

"Tangu lini, Bibi?"

"La kushoto liliaga kabla hujaenda bweni. La kulia likawa linaaga kama mgeni wa sikukuu, anasimama mlangoni, anakumbuka jambo, anarudi, anakaa tena. Masika ya mwaka huu limeondoka."

"Na zile nyuso nilizokuwa nakukatia?"

"Nyuso gani?"

Nikaona swali hilo si lazima lijibiwe.

Alishika mkono wangu. "Sikiliza. Kesho anakuja baba yako mkubwa. Ana moyo mzuri, na mtu mwenye moyo mzuri hachelewi kukubeba. Akiniona ninapapasa hivi, Jumatatu niko kwenye gari. Kule nitakuwa kipofu, mjukuu wangu. Nitakalishwa kwenye kochi nipewe uji. Hapa mimi ni mwenye nyumba. Nirudishie nyumba yangu."

Nikasema rahisi, Bibi, dakika kumi. Nikalirudisha kabati ukutani. Akaja, akanyoosha mkono, akalikosa. "Limelewa hili," akasema, "lisogeze lisije likaanguka." Nikasogeza. Akalikosa tena. Nilitafuta zile alama za sakafuni nikakuta nta. Nilikuwa nimeufuta ushahidi wangu mwenyewe kwa kitambaa, na kwa bidii, mimi ambaye kudeki bweni lazima nisukumwe. Basi Bibi akavua kandambili, akasimama mlangoni kwa miguu mitupu, akaanza kunisomea sebule. Kutoka kizingiti hatua tatu zangu, siyo zako wewe mwenye miguu ya korongo, mkono wa kushoto, kichwa cha kiti cha Babu yako. "Nikikigusa najua nimefika, namwambia nimerudi, napita." Kutoka kiti hatua moja na shibiri, pembe ya kabati, pale penye pengo. "Pengo hilo ulilitoa wewe na mpira wako. Nililia siku ile. Sasa ndiyo taa yangu." Kutoka pengo vidole vinne hadi ukutani, ili mlango wa kabati ufunguke bila kumgusa mtu nyongani. Kochi dogo likae ili paja lisikie mkono wake, kisha hatua mbili, kizingiti cha jikoni, na hapo joto la moto linakupokea usoni. Stuli zote chini ya meza, miguu ikitazama dirisha. Nilivuta, nikasukuma, nikapima kwa shibiri yake nikiwa nimeubeba mkono wake kama rula. Hakuna kitu ndani ya sebule ile kilichokuwa kimewekwa tu. Nilizoea kusema Bibi amepanga vitu kizamani. Alikuwa ameusambaza mwili wake chumba kizima, kidogo kwenye kiti, kidogo kwenye pengo, kidogo kwenye mkono wa kochi, na akipita alikuwa anajiokota.

Katikati ya kazi hiyo Mama akatokea mlangoni na mzigo wa sokoni kichwani. Aliona maziwa, nta, kochi limekaa upande, Bibi miguu mitupu, mimi nimelowa jasho. Nikajiandaa kufa. Mama akavuta pumzi, akasema, "Naingia. Mfuko wa mchele nauweka nyuma ya mlango, mkono wa kushoto. Mafuta yako juu yake. Nashika kabati upande wa dirisha." Sauti ileile niliyoicheka mwaka mzima. Nikashika upande mwingine, na sikuthubutu kumtazama usoni.

Tulipomaliza Bibi akajaza kikombe maji mpaka ukingoni, kwa kidole chake, akatembea. Mlango, kiti, pengo, kochi, jiko. Akageuka, akarudi. Mkono wake uligusa kila kitu kwa haraka na wepesi, kama mwalimu anayegusa vichwa vya watoto waliojipanga mstari, na maji hayakutikisika. Nimeona Kibo alfajiri mawingu yakifunguka ghafla, theluji yote ikawaka, watalii wakilia machozi kwa Kiingereza. Siku ile sebuleni nilisimama namna hiyohiyo, mdomo wazi. Nikafumba macho nami nijaribu. Hatua ya nne nikavaana na stuli, nikalala chali.

"Karibu mjini," akasema Bibi.

Baba mkubwa alifika kesho yake mchana. Bibi alimpokea barazani, wakaingia, akamsikiliza anavyokaa kwenye kochi likilia, akamwambia, "Umenenepa, mwanangu," naye akacheka sana, "Mama, macho yako bado ni ya tai!" Tulikula machalari, zile ndizi za kupikwa na nyama, Bibi akimpakulia mwenyewe kwa mkono usiokosea sahani. Kila kitu kilikwenda kama kwaya ya sikukuu. Kisha Bibi akaingia jikoni kufuata chupa ya chai, na Baba mkubwa akamwashiria dereva wake, akanong'ona, "Tuilete ile zawadi, tumshangaze." Wakaingiza meza ya kioo. Kioo chenyewe, miguu ya chuma, pembe nne kama visu, haina rangi, haina harufu, haina historia. Wakaitua katikati ya njia, kati ya pengo la kabati na mkono wa kochi dogo. "Nyamazeni," akasema Baba mkubwa, kidole mdomoni. "Aione mwenyewe."

Mama alikuwa uani anatoa majivu. Nilisikia kandambili za Bibi zinakuja. Hatua mbili, joto la jiko likiwa nyuma yake, chupa ya chai ya moto mkononi. Nikafungua mdomo, na mdomo wangu, uliowahi kuniletea fimbo tu maishani, ukafanya kazi yake.

"Tunatangaza moja kwa moja kutoka Masama!" nikapiga kelele. "Baba mkubwa amevunja mila, ameleta meza ya kioo! Ndiyo, mpenzi msikilizaji, kioo kitupu! Imesimama baada tu ya kochi dogo, inaziba njia yote mpaka pengo la kabati, urefu wake gotini kwa Bibi, na mimi naona miguu yangu chini yake kama sato kwenye friji!"

"Wewe mtoto!" Baba mkubwa akaniwakia. "Umeharibu!"

Bibi alisimama kizingitini. Uso wake haukubadilika. Akahesabu, nikaona midomo inavyohesabu, akapita nje ya kochi dogo, upande ambao hajawahi kupita, polepole kidogo tu kama mtu mwenye heshima zake, akashusha mkono, akaikuta pembe ya kioo. Akaipapasa. "Ni nzuri," akasema. "Lakini meza gani hii inayoona aibu kuonekana?" Akaiweka chupa juu yake, katikati kabisa. Wote wakacheka. Baba mkubwa alicheka kidogo halafu akaacha. Alikuwa anautazama ule mkono.

Alikaa siku tatu. Hakuuliza neno. Lakini nilimwona asubuhi moja, anamtazama Bibi akitoka bandani kwa kugusa masale, na Mama akitangaza, "Mama, ng'ombe amekunywa, ndoo ipo kulia kwako." Siku ya kuondoka aliibeba ile meza ya kioo mwenyewe, suruali yake nzuri ikishika vumbi, akaisukuma ukutani chini ya kalenda za kanisa mpaka ikagonga. "Ilikuwa njiani," akasema, hakumtazama mtu. Kwenye gari akashusha kioo cha dirisha, akamwambia Mama, "Shemeji, usiache kuongea." Gari likateremka. Habari za ghorofa ya tatu hatukuzisikia tena. Bibi alikaa kwake mwaka mmoja na nusu zaidi, akafa kitandani kwake, na jioni ya mwisho alijimiminia chai mwenyewe.

Ndiyo maana Juni hii, matanga yalipoondoka, nilivua viatu, nikasimama mlangoni. Hatua tatu za Bibi, siyo zangu. Kiti cha Babu, baada ya kuliondoa yai. Hatua moja na shibiri, pengo. Vidole vinne. Baba na Baba mkubwa walibeba nilikoonyesha, wakaweka nilipogusa, hakuna aliyebishana. Nilipofika kwenye mkono wa kochi dogo nilifuta macho, nikatania kwamba ni vumbi. Kila kitu kilirudi, kwa ajili ya mtu ambaye hatapita tena, na watu wakatoka nje mmoja mmoja, wakaniacha mimi na Mama. Mama hakutangaza chochote. Alichukua kikombe cha maji, akasimama kizingitini, akafumba macho. Akapita kiti cha Babu, akakigusa kichwani. Alipofika penye pengo la kabati, nyonga yake ikagonga, maji yakamwagika kidogo kwenye saruji. Akafungua macho, akaitazama sebule nzima, taratibu, ukuta hadi ukuta, halafu akasema:

"Lisogeze vidole viwili kuelekea ukutani. Bibi yako alikuwa mwembamba."